Waya Moja, Vyumba Saba

Jumamosi moja saa mbili asubuhi keyateka wa ploti yetu alipanda ngazi akiwa na koleo. Nilimsikia kabla sijamwona kwa sababu ana kifua na hukohoa kila akifika orofa ya pili. Nilidhani amekuja kuangalia ile bomba ya choo inayovuja tangu Krismasi. Nikafungua mlango nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikamkuta amesimama kwenye stuli, ameshika waya yangu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Kijana, usinilaumu," akasema. "Mwenyewe amesema zitoke zote."

"Zote zipi, mzee?"

"Zote."

Akakata. Waya ya intaneti ikikatwa haitoi hata mlio wa maana. Alikata ile inayovuka korido, akakata inayopanda juu, akaifuata ya tatu hadi mwisho wa orofa. Kisha akashuka ngazi polepole akiifuata ya nne mpaka chini kabisa, chumba nambari 1, ambako anaishi yeye na mtoto wake wa darasa la saba. Hiyo ya mwisho ilikuwa yake. Alikuwa analipa 450 kila mwezi kama sisi wengine, na hajawahi kuchelewa hata mara moja. Akaikata pia.

Nimefikiria sana kuhusu hiyo waya ya nne. Ndiyo imenifanya niandike haya.

Wacha nieleze tulichokuwa tumefanya, ndipo uamue kama sisi ni wezi. Ploti yetu iko Zimmerman, mwendo mfupi kutoka Thika Road, orofa nne ukihesabu ya chini, vyumba vinane kila orofa. Thelathini na viwili. Ni single rooms, ile aina ambayo kitanda, jiko na ndoto zako zote zinakaa ukuta mmoja. Kwenye ngazi kuna kiboksi cheupe cha faiba cha kampuni moja. Ni kampuni moja tu, na wengine wakija na ngazi zao na fulana zao za rangi wanafukuzwa getini. Mimi nilichukua laini ya hiyo kampuni kwa 3,000 kwa mwezi, Mbps 20, kwa sababu kazi yangu ni kuandika na kunakili sauti za watu wa ng'ambo, na bando ya simu ilikuwa inakula nusu ya mapato.

Miezi miwili ikapita. Mama wa chumba 22 akabisha. Ana binti aliyekuwa amemaliza KCSE na ana mdogo wake wa sekondari. Akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshajiambia atakataliwa, kama anaweza kuwa ananilipa kitu kidogo mtoto apate paswadi. Nikampa bure. Shida ni kwamba paswadi bila mawimbi ni kama ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa. Chumba 22 kiko upande ule mwingine wa korido, na kati yetu kuna kuta tatu za mawe. Simu ya mtoto ilikuwa inaonyesha kamstari kamoja, kanatokea, kanapotea.

Hapo ndipo wengi wenu mngesema: nunua busta. Nilinunua. Nataka kuwaambia ukweli kuhusu busta ili mwokoe pesa zenu. Busta ya bei ya chini inasikia mawimbi ya ruta kisha inayarudia, na mara nyingi inatumia redio ileile moja kusikia na kusema. Haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hivyo kasi inayofika upande wa pili ni kama nusu ya ile iliyoingia, ikiwa una bahati. Halafu watu huiweka pale ambapo mawimbi yameshakufa, wakitarajia ifufue wafu. Inarudia kimya.

Na Nairobi hatujengi na mbao na jipsamu kama zile nyumba za kwenye sinema. Tunajenga na mawe ya machimboni, unene wa inchi sita au tisa, plasta pande zote, na kati ya orofa na orofa kuna zege lenye vyuma ndani. Chuma ni adui wa mawimbi ya redio. Waifai ya masafa ya 5 GHz ina kasi tamu ukiwa mbele ya ruta, lakini ukuta mmoja wa mawe na imechoka. Ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi, ila polepole, na ina mikondo mitatu tu isiyoingiliana, wa 1, wa 6 na wa 11. Sasa hesabu ploti yenye laini kumi na kitu, pamoja na ploti ya jirani ambayo dirisha lake liko mkono mmoja kutoka kwako. Kila ruta inapiga kelele kwenye mikondo hiyo hiyo mitatu. Ni kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni, kila makanga anaita na hakuna abiria anayesikia.

Dawa ya hilo jambo ni ya kizamani. Ni waya. Waya haijali mawe wala zege, haijali majirani. Waya ya mtandao ya kawaida, Cat 5e au Cat 6, inabeba intaneti hadi mita 100 bila kupoteza kasi unayoijua wewe, kwa sababu hata Cat 5e inaweza Gbps 1, na mimi nina Mbps 20 tu. Nilienda Luthuli Avenue. Muuza duka akataka kuniuzia ile ya bei rahisi ambayo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua na kisu unaona weupe ndani. Nikakataa, nikachukua ya shaba tupu, mita 90, na vichwa vya RJ45, na nikaazima koleo ya kubania kwa fundi mmoja. Nyaya nane ndogo, kwa mpangilio: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Niliharibu vichwa sita kabla ya kupata cha kwanza kilichofanya kazi. Nilihisi kama nimefuzu shahada ambayo chuo kilininyima.

Kila upande mwingine wa waya tukaweka ruta ya zamani, zile ambazo watu huacha kwenye makabati wakihama. Nne tulizipata kwa bei ya kutupa. Siri ni moja, na nitaiandika hapa kwa sababu hakuna aliyeniambia: ruta ya pili usiiache iwe na akili yake. Ingia kwenye mipangilio, ipe anwani tofauti na ya ruta kuu, zima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, kisha chomeka waya kwenye shimo la kawaida, si lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN. Usipozima, unakuwa na makarani wawili wanaogawa namba kwenye foleni moja, na wateja wanapigana mlangoni. Ukizima, ile ruta ya zamani inakuwa mdomo tu. Ubongo unabaki mmoja.

Gharama yote ilitutoka kama 6,000. Tukagawa kwa vyumba saba, watano orofa yangu, mmoja juu, na keyateka chini. Kila mwezi 450. Laini 3,000, na ile 150 inayobaki tunaweka ya kununua vichwa na ya siku umeme ukichoma kitu. Katika vyumba hivyo saba kulikuwa na kinyozi, mwanafunzi wa uuguzi, dada anayeuza mitumba kwa simu, jamaa wa boda, mama wa 22 na watoto wake, keyateka, na mimi. Jioni, watu wote wakiwa ndani, kulikuwa na wakati ambapo inavuta miguu. Lakini simu ya video ya Zoom haimalizi hata Mbps 4, na si kila mtu anaongea na Ulaya saa moja usiku. Ilitosha.

Mpaka mwenye ploti akajua.

Sasa, sababu aliyoituma kupitia keyateka ilikuwa kwamba tunaharibu jengo. Nyaya zilikuwa zimebanwa juu ya milango kwa vile vipini vidogo vya plastiki, mbali na nyaya za stima, na hakuna ukuta uliotobolewa isipokuwa tundu moja la kidole karibu na bomba. Siku iliyofuata sababu ikabadilika: tunaiba. Siku ya tatu keyateka, akiwa amekaa kwenye ndoo yake getini, akanipa ya kweli. Kwa kila chumba kinachojiunga na ile kampuni ya kwenye ngazi, mwenyewe anapata kitu. Sina risiti ya kukuonyesha. Nina tu hesabu: vyumba saba vikitumia laini moja, kuna "kitu" mara sita ambacho hakikufika.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa hivyo nivumilie.

Huyu mtu anayesema kugawa intaneti ni wizi, yeye mwenyewe ana laini moja ya stima inayoingia kwenye ploti, na anaigawa kwa vyumba thelathini na viwili kwa mita zake ndogo, na tunanunua tokeni kutoka kwake kwa bei ambayo ukilinganisha na ya mtu mwenye mita yake halisi unaweza kulia. Maji ni hivyo hivyo. Bomba moja, tangi moja, thelathini na mbili wanalipa. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Akigawa yeye inaitwa biashara. Tukigawa sisi inaitwa uharibifu.

Kuna wale watakaoniambia nisome mkataba. Nimeusoma, tena wote, na ninakubali: umeandikwa kwamba huduma ni ya matumizi ya nyumba moja. Nilivunja hicho kipengele. Lakini wacha niulize, nyumba ni nini?

Mwaka jana rafiki yangu fundi alinichukua twende kumsaidia kazi Lavington. Nyumba moja. Waifai ilikuwa haifiki juu. Tuliweka vifaa vitano vya meshi, vile vya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na pesa tulivivutia waya vyote badala ya kuvitegemeza mawimbi. Sebule ya chini, sebule ya juu, chumba cha mazoezi, ofisi ya mzee, na kimoja nje kwenye kibanda cha walinzi kwa ajili ya kamera za geti. Nilihesabu vyumba nikiwa nimeshika ngazi. Kumi na moja. Laini moja, vyumba kumi na moja, na kampuni iliwatuma watu wake na tabasamu. Hakuna aliyeuliza ni watu wangapi watatumia. Hakuna aliyekuja na koleo.

Tofauti kati ya ile nyumba na sisi si idadi ya vyumba, na si idadi ya watu. Si urefu wa waya pia, kwa sababu waya yao ilikuwa ndefu zaidi. Tofauti ni kwamba kule vyumba kumi na moja vina mwenyewe mmoja, na kwetu vyumba saba vina kodi saba. Mtu mwenye vyumba vingi anaitwa mteja mmoja. Watu wengi wenye chumba kimoja kimoja wanaitwa soko. Kipengele cha "nyumba moja" kiliandikwa na mtu ambaye akifunga macho akafikiria nyumba, anaona korido ndani, si korido nje.

Na kulikuwa na jambo lingine Lavington ambalo sijalisahau. Nyuma kulikuwa na DSQ anamolala dada wa kazi. Fundi akauliza kama tuvute ya sita pale, waya ilikuwa imebaki. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alitupikia chapati, alituuliza kwetu ni wapi. Akasema, "Ah, huko hapana, huko hakuna mtu wa kutumia." Dada alikuwa amesimama pale mlangoni na trei ya vikombe. Mbwa walikuwa na kamera yenye mawimbi mazito. Ile waya iliyobaki tuliiviringisha tukaondoka nayo.

Kwa hivyo nisije nikaonekana ninawalaumu malandilodi peke yao. Hii tabia iko kwenye nyumba zetu wenyewe. Angalia ruta ya nyumbani kwenu imekaa wapi. Nitabashiri: sebuleni, kando ya televisheni, chini kabisa kwenye meza, pengine ndani ya kabati la vioo, pamekaliwa na kitambaa cha kushonwa. Ilikaa pale kwa sababu fundi wa kampuni aliingilia dirisha la karibu akataka kumaliza kazi mapema, na kwa sababu baba anaangalia mechi pale. Hakuna aliyeuliza ni nani hapa ndani anayefanya kazi au kusoma kwa intaneti, na yuko chumba gani.

Mimi najua kwa sababu nilikuwa chumba cha mwisho. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020, na chuo chetu kikahamia mtandaoni kama vingine. Nilikuwa naishi kwa mjomba, Kayole, kwenye kachumba ka nyuma karibu na bafu. Mjomba alikuwa ameweka intaneti, Mungu ambariki, na haikuwa kazi yangu kulalamika. Lakini ruta ilikuwa sebuleni, na sebuleni kulikuwa na shangazi, wageni, na mtoto mdogo. Muhula wa mtihani nikakaa kwenye kitanda changu na laptopu ya kuazima, nikamaliza kujibu dakika nane kabla ya muda, nikabonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka. Nikatoka mbio hadi sebuleni nimeinua laptopu kichwani kama mtu anayevuka mto. Ilipotuma, dirisha lilikuwa limefungwa dakika nne zilizopita.

Sitaki kudanganya hapa. Waifai haikunitoa chuo. Karo ilinitoa chuo. Lakini ule mtihani niliambiwa niurudie kwa kulipia, na nilikuwa na deni tayari, na kuna siku mzigo unaongezwa unyoya mmoja ukakaa chini. Tangu hapo nikisikia mtu anasema intaneti ni anasa, nasikia vile kiduara kinavyozunguka.

Maana hii nchi imeshaamua kwamba huwezi kuwa raia bila mtandao. Kusajili ushuru ni iTax. Kuomba nafasi ya chuo ni KUCCPS, mtandaoni. Kuomba mkopo wa HELB ni mtandaoni. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwa shangwe kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamishwa kwenye eCitizen. Hiyo ni sawa, mimi sipendi foleni. Lakini ukihamisha ofisi ya serikali ukaiweka ndani ya waya, basi anayeamua waya inafika mlango gani ndiye ameshika ufunguo wa ofisi. Kwetu huyo ni mtu mwenye ploti ambaye hakuna aliyempigia kura.

Waya za baharini zilifika Mombasa 2009, SEACOM na TEAMS, mwaka uliofuata ikafuata EASSy. TEAMS ilitoka Fujairah kule Emirati, zaidi ya kilomita 4,000 chini ya maji. Serikali hii ya sasa imeahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya bure kwa umma. Namba nzuri sana. Lakini mimi swali langu si kilomita. Ni mita kumi na nne, kutoka kiboksi cha kwenye ngazi hadi chumba 22. Bahari ilivukwa. Korido imeshindikana.

Tena si ati jambo la kugawana ni geni kwa serikali. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo 2021 wa kuwapa leseni mitandao ya jamii, ile inayoendeshwa na watu wa mtaa wenyewe. Kibera wako na TunapandaNET, vijana waliojijengea mtandao wakaunganisha shule na vituo vya mtaa. Kwa hivyo wakubwa wanajua kwamba watu wakiungana kununua na kugawa, hiyo inaweza kuwa huduma. Kwenye ploti bado inaitwa ujanja. Leseni ni ya mitandao ya mtaa mzima. Hakuna aliyefikiria watu saba.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuiruka, na ni ya mama wa 22 mwenyewe, siku ya kwanza kabisa. Aliniuliza: "Na mtu akifanya ujinga kwa hiyo laini, watamtafuta nani?" Watanitafuta mimi. Jina kwenye akaunti ni langu. Ikiwa jamaa wa chumba fulani atatukana mtu, au kuiba mtu, alama inaishia mlangoni kwangu. Hilo ni la kweli na liliniamsha usiku mara mbili tatu. Ndiyo maana tuliandika karatasi, kila mtu akatia sahihi na namba ya kitambulisho, na ndiyo maana kila ruta ilikuwa na paswadi yake. Haitoshi mbele ya hakimu, najua. Lakini angalia hii hoja inapotupeleka: inatupeleka kwenye kampuni kuuza kifurushi cha ploti, laini moja yenye majina saba. Wanaweza. Mitambo yao inatenganisha wateja maelfu, saba haiwashindi. Hawataki, kwa sababu laini saba zinalipa zaidi ya laini moja.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka mwenye jengo asiruhusiwe kuuza lango kwa kampuni moja. Katiba yetu ina Ibara ya 46 inayompa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na tuna Sheria ya Ushindani tangu 2010, na bado kwenye ploti zetu ushindani unaishia getini, ambapo keyateka ameambiwa afukuze fulana za rangi nyingine. Nataka atakayejenga ploti kesho aweke bomba la plastiki kutoka ngazini hadi kila chumba, vile anavyoweka la stima. Bomba tupu, kabla ya plasta. Ni kitu cha bei ya chini kabisa kwenye jengo zima, na ukikisahau unakuja kukilipia kwa kutoboa zege. Na wewe unayesoma hii ukiwa sebuleni kwenu, toa hiyo ruta chini ya televisheni. Ipandishe juu, katikati ya nyumba. Ikishindikana, nunua mita ishirini za waya umfikishie yule wa chumba cha nyuma. Na dada wa DSQ, muulize. Usimjibie.

Wiki ile nyaya zilipokatwa, dirisha la maombi ya KUCCPS lilikuwa linakaribia kufungwa. Binti wa 22 alienda saiba ya stejini, foleni ikawa ndefu, mtandao ukalala, akarudi. Saa tano usiku alikaa kwenye ngazi, kwa hotspoti ya simu yangu, mama yake amemshikia tochi kwa sababu balbu ya ngazi iliungua na hakuna anayeibadilisha. Mimi nilikaa ngazi moja juu yao. Kiduara kilizunguka. Sikuweza kuangalia, niliangalia ukuta. Kisha akasema, "Imeenda," kwa sauti ndogo, na mama yake akazima tochi kuokoa betri.

Keyateka hatujakosana. Juzi aliniletea nyaya zote kwenye gunia, amezikunja vizuri, hakutupa hata moja. Alisema mtoto wake anamuuliza kila siku. Sikujua nimwambie nini. Nilimwambia, "Pole, mzee," naye akasema, "Pole wewe." Zimebaki vipande vipande, kama mita 60 zinazoweza kutumika, ziko chini ya kitanda changu.

Tumeandika barua. Tulianza saba, sasa kuna sahihi kumi na mbili, kwa sababu orofa ya kwanza nao walisikia. Tunamtaka aruhusu nyaya zirudi, tutoe mchango wa bomba la ukutani sisi wenyewe, na tumlipe pesa kidogo kwa mwezi kama ni hilo linalomuuma. Hilo la mwisho nililipinga kwenye kikao nikashindwa kwa kura. Kinyozi alisema hasira haipakii video. Kodi inalipwa tarehe 5. Mara hii siitumi kwa simu, nitampelekea mkononi pamoja na karatasi.